"Nitakwenda" ni moja, Kiingereza kina kadhaa: mwongozo kamili wa kuchagua wakati ujao

Jumatano moja jioni nahodha kijana wa Mikindani, mmoja wa wanafunzi wangu wa masomo ya jioni hapa Mtwara mjini, alinipa simu yake nisome. Mgeni mmoja aliyefikia gesti alikuwa amemwandikia: "Are you free on Saturday?" Naye akajibu kwa adabu zake zote: "Sorry, I will take other people to Msimbati." Mgeni akanyamaza moja kwa moja.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Kila neno liko sawa."

Kila neno lilikuwa sawa kweli. Tatizo ni kwamba anayezungumza Kiingereza tangu utotoni akikuta "I will take" kwenye jibu la namna ile, anasikia uamuzi uliofanyika papo hapo: nimeona ujumbe wako, nimefikiri, nimeona bora niwachukue wengine. Kumbe kijana alikuwa na watu walioshalipa arbuni tangu wiki iliyopita. Alitakiwa aandike "I'm taking some people to Msimbati." Basi, na yule mgeni angeuliza habari za Jumapili.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu kama yeye. Kiswahili kina kiambishi "-ta-" kinachobeba karibu kila kitu kisichotokea bado. Kiingereza hakina kiambishi cha aina hiyo. Badala yake kinataka kujua mambo mawili kabla hujafungua mdomo: uliamua lini, na una ushahidi gani mkononi. Ukishayajibu hayo, umbo la kitenzi linajileta lenyewe.

Anza na Kiswahili chako

Shuleni wengi wetu tulikaririshwa majedwali: future simple, future continuous, na kadhalika, na mfano wa mtu anayekwenda sokoni. Mimi siku hizi naanza na sentensi nne ambazo mtu yeyote wa Mtwara au Lindi anazisema bila kufikiri:

"Mvua inataka kunyesha."
"Kesho naenda Masasi."
"Basi linaondoka saa kumi na mbili."
"Ukija saa nne usiku nitakuwa nimeshalala."

Zote zinazungumzia mambo yajayo, na tatu za kwanza hazina "-ta-" hata moja. Kwa hiyo tofauti anazozifanya Mwingereza wewe unazifanya tayari, ila hujawahi kuambiwa. Sentensi ya kwanza ni "It's going to rain." Ya pili ni "I'm going to Masasi tomorrow." Ya tatu, "The bus leaves at six." Ya nne, "I'll have gone to bed."

Hata historia inafanana. "-ta-" yetu inatokana na kitenzi "taka", na mwili wake kamili bado unaonekana kwenye "nitakapofika" na "watakaokuja". "Will" ya Kiingereza nayo ilianza maisha yake kama kitenzi cha kutaka. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, zikapita njia ileile kutoka kutaka hadi kutenda. Mimi jambo hili hunifurahisha kuliko sheria zote zinazofuata, lakini tuendelee.

Hatua ya kwanza: uliamua lini?

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Simu inaita dukani, wewe uko karibu. "Naipokea mimi," unasema. Umeamua sekunde hii hii. Kiingereza: "I'll get it." Rafiki anakwambia hana nauli ya kurudi Newala. "Basi nitakukopesha." Hukuamka asubuhi na mpango huo, umeamua baada ya kumsikia. "I'll lend you some money." Hiyo ndiyo nyumba ya "will": uamuzi unaozaliwa wakati unazungumza. Ahadi, kujitolea, na ombi vinakaa humo humo: "I'll pay you on Friday", "I'll carry that for you", "Will you help me?"

Sasa chukua mkulima wa korosho wa Tandahimba. Tangu mwaka jana amepiga hesabu kwamba malipo ya mnada yakiingia atapandisha tofali. Akikueleza mpango huo, uamuzi ulishafanyika zamani. Wewe unapewa taarifa tu. "I'm going to build a house." Na akisema mwaka huu hauzi kwa wale wa kangomba, wanaonunua kwa kupima kwa kibakuli uchochoroni badala ya kwenye mizani ya chama, basi ni "I'm not going to sell to the kangomba people." Kiswahili cha mpango huu mara nyingi huja na "nina mpango wa", "nataka", au "nimeamua". Ukiweza kutanguliza "nimeshaamua" mbele ya sentensi na maana isiharibike, tumia "going to".

Jaribu kipimo hicho kwenye simu inayoita: "nimeshaamua, naipokea mimi." Inachekesha. Kwa hiyo ni "will".

Mtu akikuuliza "Why are you carrying that bucket?" ukajibu "I will wash the boat", atakuelewa, wala hatakucheka. Ila ndoo iko mkononi, uamuzi ulikutangulia. "I'm going to wash the boat." Makosa ya wakati ujao kwa kawaida hayamfanyi mtu asieleweke. Yanamfanya aonekane anaropoka bila mpango, au anakataa watu, kama nahodha wetu.

Kuna "won't" moja inayowapita wengi. "The engine won't start" haizungumzii kesho hata kidogo. Ni injini ya sasa hivi, umevuta kamba mara kumi, haiwaki. Sisi tunasema "injini inakataa", na "won't" hapo ni kukataa kwa kweli, kama vile chuma kina kiburi. "He won't listen": hataki kusikia. Ukishaipata hiyo umepata Kiingereza cha ufundi na cha ugomvi kwa pamoja.

Hatua ya pili: je, kuna mtu mwingine anayejua?

Mpango wa kichwani mwako ni "going to". Mpango ambao tayari umeingia kwenye daftari la mtu mwingine, tiketi imekatwa, muda umekubaliwa, arbuni imepokelewa, unachukua umbo la sasa endelevu: "I'm meeting the AMCOS secretary on Thursday." Katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anajua, wewe unajua. "We're flying to Dar on Monday": tiketi ipo.

Ni sawasawa na "kesho naenda Masasi" yetu. Sikiliza tofauti kati ya "nitaenda Masasi" na "naenda Masasi" kwa masikio ya anayetaka kukutuma mzigo. Ya kwanza atakuuliza lini. Ya pili ataleta bahasha.

Mpaka wake ni huu: jambo lisiloweza kupangwa na binadamu haliingii hapa. Huwezi kusema "It's raining tomorrow", kwa sababu hakuna aliyekubaliana na mvua. Kiswahili nacho hakikubali "kesho mvua inanyesha", labda kwa mzaha.

Kisha kuna "nakuja" yetu. Mtu anatoka dukani, anakupa mgongo, anasema "nakuja". Mgeni wa watu anabaki ameduwaa: anakuja wapi, mbona anakwenda? Usiseme "I'm coming" hapo. Sema "I'll be right back." "I'm coming" ni ya yule anayeitwa na yuko njiani kukufuata.

Hatua ya tatu: ratiba, pamoja na mtego wa saa

Kilichopangwa na ratiba, kalenda au taasisi, kisichotegemea matakwa yako, hukaa kwenye sasa ya kawaida: "The auction starts at ten." "The cashew season opens in October." "What time does the ferry leave?" Umbo ni rahisi. Ugumu uko kwenye saa.

Mabasi ya Dar huondoka Mtwara alfajiri. Mwanafunzi anatafsiri "saa kumi na mbili asubuhi" anasema "The bus leaves at twelve in the morning." Mgeni anakuja saa sita mchana na mabegi yake, basi limeshapita Mnazi Mmoja ya Lindi zamani. Saa zetu zinaanza kuhesabu jua linapochomoza, zao zinaanza usiku wa manane. Ongeza au punguza sita: saa kumi na mbili ni "six", saa nne ni "ten", saa tisa ni "three". Mkononi mwa wengi saa yenyewe inaonyesha namba ya Kiingereza, kwa hiyo soma namba iliyoandikwa badala ya ile unayoitamka.

Hatua ya nne: unatabiri kwa kuona au kwa kudhani?

Simama ufukweni Shangani mwezi wa kwanza, tazama mawingu yalivyojikunja juu ya ghuba. "It's going to rain." Ushahidi uko mbele ya macho. Mtungi umekaa pembeni mwa meza na mtoto anakimbia: "It's going to fall!" Mzazi gani atasema "nadhani utaanguka"? Kwetu ni "unataka kuanguka", na hapo ndipo "inataka" inapofanya kazi ya "going to" bila kupoteza kitu.

Bila ushahidi wa macho, ukiegemea maoni, uzoefu au imani, rudi kwenye "will", mara nyingi ikiongozana na "I think", "probably" au "I'm sure": "I think prices will go up next season." Utabiri rasmi wa hali ya hewa nao hupenda "will": "Winds will be strong along the coast."

Aprili 2019 wengi hapa walijifunza umbo la ziada bila kutaka. Kimbunga Kenneth kilitangazwa, watu wa maeneo ya chini karibu na bahari wakatakiwa kuhama, na tarehe 25 kikatua Cabo Delgado, upande wa Msumbiji. Ukitaka kusimulia leo yale tuliyokuwa tukiyatazamia siku ile, mambo yajayo yanarudi nyuma: "We thought it was going to hit Mtwara." "They said it would bring heavy rain." "Is going to" inakuwa "was going to", "will" inakuwa "would". Ni ile "tulidhani kitatupiga", ila Kiswahili kinaiacha "-ta-" yake ilivyo, na Kiingereza kinaivuta kitenzi chake nyuma. Usiandike "They said it will" kwa jambo lililokwisha pita.

Hatua ya tano: mtego wa "-takapo-"

Kama una dakika tano tu, soma sehemu hii na uache nyingine.

Nilisahihisha karatasi moja yenye sentensi hii: "When I will reach Mnazi Mmoja I will call you." Karatasi iliyofuata: "When he will come." Na nyingine, na nyingine. Sababu ni Kiswahili fasaha cha aliyeandika. Kichwani alikuwa na "nitakapofika Mnazi Mmoja nitakupigia", mna "-ta-" mbili, akaweka "will" mbili. Angekuwa amefikiri "nikifika nitakupigia" asingekosea, maana "-ki-" haina wakati ujao ndani yake.

Sheria: baada ya "when", "if", "before", "after", "until", "as soon as" na "unless", Kiingereza hakitaki "will" ya wakati ujao. Wakati ujao unakaa upande mmoja tu wa sentensi, kwenye tendo kuu.

"When I reach Mnazi Mmoja, I'll call you."
"If the buyers come, we'll sell."
"As soon as the money arrives, I'll pay the workers."

Dawa ninayowapa wanafunzi ni kubadilisha kila "-takapo-" kuwa "-ki-" kabla ya kutafsiri. "Utakapomaliza" geuza "ukimaliza", halafu "when you finish". Haijawahi kuniangusha.

"Kabla" ina ugonjwa wake. Sisi husema "kabla hajafika", na mwanafunzi mwaminifu huandika "before he has not arrived". Kile kikanushi ni cha kwetu peke yetu. Mwingereza anasema "before he arrives", bila kukanusha chochote. "Kabla mvua haijaanza": "before the rain starts".

Na "hadi" ina mbili ndani yake. "Nitafanya kazi hadi Ijumaa" ni "I'll work until Friday": unafanya siku zote hizo bila kukoma. "Nitamaliza hadi Ijumaa", kwa maana kwamba Ijumaa isipite kabla sijamaliza, ni "I'll finish by Friday." Mwambie fundi wa mashua "until" badala ya "by", na usishangae akiichezea mbao ileile mpaka siku yenyewe.

Angalizo moja: "when" ya swali haihusiki. "When will you come?" iko sahihi kabisa, kwa kuwa hapo ni "lini".

Hatua ya sita: katikati ya tendo, au baada ya kuisha

Chukua siku ya mnada. Saa nne asubuhi kesho wewe uko ghalani, magunia yanapimwa. Mtu akitaka kukutembelea saa hiyo: "At ten we'll be weighing the sacks." Hiyo ndiyo "tutakuwa tunapima". Tendo limeanza kabla ya saa iliyotajwa na litaendelea baadaye.

Umbo hilihili lina kazi ya pili inayowafaa watu wenye adabu, na sijui kwa nini shuleni halisisitizwi. Kuuliza "Will you use the boat tomorrow?" kunaweza kusikika kama unamwomba au unamsukuma. "Will you be using the boat tomorrow?" inauliza tu ratiba yake ilivyo, bila kumbana. Ndivyo tunavyofanya na "utakuwa unapitia Mnazi Mmoja?" kabla ya kumpa mtu mfuko wa korosho ampelekee shangazi.

Halafu mwisho wa msimu. "By January we'll have sold everything": kufikia Januari tutakuwa tumeshauza kila kitu. Dalili yake ni "kufikia" na "-me-" au "-mesha-". Neno la Kiingereza linaloiita ni "by". Ukitaka kusisitiza muda ambao kazi imechukua, ongeza "been" na "-ing": "By next June I'll have been teaching for twelve years." Maumbo haya marefu hayatumiki sana kwenye mazungumzo. Yajue, yasome, usiyalazimishe kila mahali ili uonekane msomi.

Vidogo vya kupita haraka

"Shall": mwaka 1653 John Wallis, yule mwanahisabati wa Uingereza aliyetuletea pia alama ya kisichokoma, aliandika kwamba "I" na "we" zichukue "shall" na nafsi nyingine "will". Vizazi vya wanafunzi vimeadhibiwa kwa ajili ya hilo. Leo ibakize kwenye mapendekezo: "Shall we go?" yaani "twende?", na "Shall I open the window?" yaani "nifungue?". Penye "-e" ya kupendekeza kwetu, pana "shall" kwao.

"About to": jambo liko mlangoni. "We're about to leave" ni "ndiyo tunataka kuondoka", funguo ziko mkononi.

Masikio: kwenye mazungumzo hutasikia "I will", utasikia "I'll" kama herufi moja imemezwa, na "going to" inakuwa "gonna". Andika "gonna" kwa rafiki, usiiandike kwenye barua ya kazi. Hatari zaidi ni "won't" na "want". Nesi mmoja mwanafunzi wangu alimwambia mgonjwa "You won't take this medicine?" akikusudia "want", yaani unaitaka dawa hii? Mgonjwa akadhani anatuhumiwa kukataa dawa. "Won't" vuta midomo mbele kama unaanza "wo". "Want" fungua kinywa.

Jipime

Tafsiri sentensi hizi sita kabla hujatazama majibu: "Usijali, nitakusubiri." "Jumamosi nina wageni, nawapeleka Msimbati." "Utakapofika stendi nipigie." "Jua linataka kuzama." "Injini inakataa kuwaka." "Kufikia saa tano tutakuwa tumerudi."

Majibu: "Don't worry, I'll wait for you", ahadi. "I'm taking some guests to Msimbati on Saturday", imeshapangwa. "Call me when you get to the bus stand", na kama uliandika "when you will", rudi hatua ya tano. "The sun is about to set"; "going to" nayo inakubalika. "The engine won't start." Ya mwisho ni "By eleven we'll have come back", au kwa wepesi zaidi "we'll be back by eleven", aliyeandika "five" arudi hatua ya tatu.

Nahodha wangu alimwandikia tena yule mgeni usiku uleule. "I'm free on Sunday. Shall I take you to see the whales?" Ilikuwa mwezi wa nane, nyangumi wanapita. Majibu yakaja kabla hatujafunga daftari: "Lovely! What time do we leave?"

Kidole chake kikasimama juu ya namba, akanitazama.

"Saa kumi na mbili ni *six*, siyo, mwalimu?"

"*Six*."